Mzee hana idara: mafunzo ya uongozi kwa wahudumu wa wazee ni ya nini hasa

Kuna bibi mmoja nilimhudumia miaka ya nyuma. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, mguu ukakaa vizuri tu, ila usiku wa tatu akaanza kuongea na watu ambao hawapo, anavuta mpira wa mkojo, anataka kushuka kitandani arudi kwake. Asubuhi kwenye raundi daktari wa mifupa akasema mguu uko safi. Mfamasia akasema dawa zote zimeandikwa sawasawa. Mtu wa mazoezi akasema yeye anasubiri kuambiwa aanze. Sisi wa zamu ya usiku tulikuwa tumeshampa kidonge cha usingizi, manake wodi nzima ilikuwa hailali. Na miwani yake? Iko kwenye droo, imeviringishwa kwenye leso, siku ya tatu hiyo bibi haoni vizuri na hajui yuko wapi. Ukituuliza mmoja mmoja, kila mtu alifanya kazi yake. Ukimwangalia bibi, anaharibika mbele ya macho yetu.

Nimeanza na huyo bibi kwa sababu watu wakisikia "mafunzo ya uongozi kwa wanaohudumia wazee" wanawaza ukumbi, slaidi, picha ya pamoja siku ya mwisho, alafu cheti kinaenda kutundikwa ukutani. Na kusema kweli mafunzo mengi ndo hayo hayo, sitetei. Ila chini yake kuna swali kubwa: siku ile wodini, nani alitakiwa kuliona tatizo la bibi lote kwa pamoja, na angetumia nguvu gani kuwafanya wenzake wabadilike wakati yeye sio bosi wao? Elimu ya kuchanganyikiwa kwa ghafla, ile wenyewe wanaita diliriamu, mimi nilikuwa nayo. Nilisoma, nikafaulu. Kilichonishinda ni watu.

Hebu tutenganishe vitu vitatu ambavyo vinapikwa sufuria moja. Kuna ujuzi wa tiba ya wazee: dawa gani ni hatari kwao, wanaangukaje, wanapoteza kumbukumbu vipi. Kuna usimamizi: ratiba ya zamu, stoo, bajeti, nani yuko likizo. Alafu kuna uongozi, ambao kwa lugha ya wodini ni kuwafanya watu wasiokuwa chini yako wakubali kufanya kazi tofauti na walivyozoea, na waendelee hivyo hata siku haupo. Unaweza ukawa bingwa wa la kwanza na ukaanguka vibaya kwenye la tatu, nimewaona, daktari anajua kila kitu na hakuna anayemsikiliza. Na kuna kinyume chake, nilifanya kazi na dada mmoja msaidizi wa wauguzi, hana ofisi, hana hata meza, ila akisema "huyu babu leo siyo yeye" daktari bingwa anasimama anarudi kumwangalia upya. Huyo dada kwenye orodha ya mafunzo hajawahi kuwekwa hata siku moja, nitarudi kwake.

Sasa kwanini hii iwe habari ya wazee hasa, si kila mgonjwa anahitaji viongozi wazuri? Ndio, lakini mtu wa miaka thelathini mwenye kidole tumbo ana mwenyewe, anaenda kwa daktari wa upasuaji, anakatwa, anaenda nyumbani. Mzee anakuja na moyo, sukari, magoti, masikio, upweke, na mfuko wa dawa nane alizoandikiwa na madaktari wanne ambao hawajawahi kuongea hata kwenye simu. Kila ugonjwa una mwenyewe, mzee mzima ndo hana mwenyewe. Dawa ya presha inayomsaidia moyo ndo hiyo hiyo inayomwangusha akiamka usiku kwenda chooni, na aliyeiandika hatamuona akianguka, atakayemuokota ni mtu wa idara nyingine kabisa. Daktari mmoja wa Uingereza, Bernard Isaacs, aliyaita matatizo makuu ya uzeeni majitu: kushindwa kutembea, kuyumba na kuanguka, kushindwa kujizuia haja, na akili kupungua. Tafuta hospitali yenye idara ya kuyumba. Hakuna. Kwahiyo kumhudumia mzee vizuri karibu kila mara maana yake ni kuvuka mpaka wa kazi ya mtu mwingine, na mipaka ya watu haivukwi kwa ujuzi wa dawa.

Mwanamke aliyelionyesha hili mapema kuliko wote ni Marjory Warren. Mwaka 1935 huko West Middlesex, Uingereza, hospitali yake ilikabidhiwa jengo jirani lililokuwa makazi ya maskini, na yeye akajikuta na wagonjwa 714, wengi wao wazee waliolazwa miaka na miaka bila mtu kuwapima hata ugonjwa. Kwa watu wa wakati ule hao walikuwa watu wa kusubiri kufa tu. Warren ambaye asili yake ni upasuaji, wala sio bingwa wa wazee manake ubingwa huo kwao haukuwepo, akaanza kuwapima mmoja mmoja, akawatenganisha, huyu ana kiharusi anaweza kufundishwa kutembea, huyu kachanganyikiwa, huyu anaumwa kitu kinachotibika. Akawatoa vitandani. Wengine wakarudi makwao. Akaandika mwaka 1943 na 1946 kudai kwamba tiba ya wazee iwe taaluma kamili na madaktari wanafunzi waisomee. Ukiangalia alichofanya, dawa mpya hakuna. Alipanga upya watu na kazi, daktari, nesi, mtu wa mazoezi, mtu wa ustawi wa jamii wote wakamwangalia mzee mmoja kwa wakati mmoja. Huo ndo uongozi ninaousema.

Na ushahidi kwamba mtindo huo unafanya kazi umeshajaa. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, walijumlisha majaribio 29 yenye wazee 13,766 waliolazwa, wakakuta waliopimwa na timu nzima kwa mpangilio walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na wako majumbani kwao miezi kadhaa baadae, kuliko waliohudumiwa kikawaida. Kabla ya hapo, 1999, daktari Sharon Inouye na wenzake kule chuo kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Upande mmoja huduma ya kawaida, upande wa pili wazee wanakumbushwa siku na mahali walipo, wanavalishwa miwani na vifaa vya masikio, wanapewa maji, wanatembezwa mapema, usiku wanapata kinywaji cha moto na kupapaswa mgongo badala ya kidonge. Diliriamu kwenye huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 15, kwenye huo mpango asilimia 9.9. Miwani, maji, kutembea. Mimi hizo namba nilizisoma baada ya yule bibi kuondoka na nilikaa kimya muda mrefu.

Kwahiyo dawa ya tatizo inajulikana zaidi ya miaka ishirini sasa na haina gharama ya kutisha, ila wodi nyingi duniani bado miwani iko droo. Hapo ndo utajua kwamba kilichokosekana sio maarifa.

Ronald Heifetz, mwalimu wa uongozi wa chuo kikuu cha Harvard, ana mgawanyo unaosaidia sana hapa, anasema kuna matatizo ya kiufundi na kuna matatizo ya watu kubadilika. La kiufundi, jibu lipo na mtaalamu analo: mfupa umevunjika, unganisha. La kubadilika, jibu linataka watu waache kitu, mazoea, heshima fulani, ukubwa wao, muda wao wa kupumzika, na kosa kubwa la viongozi ni kutibu la pili kana kwamba ni la kwanza. Yani tatizo ni kwamba manesi hawatembezi wazee kwa sababu mzee akianguka atakayeandikwa barua ni nesi, wewe unaleta fomu mpya ya kujaza. Fomu itajazwa! Tena vizuri sana, mwisho wa zamu, zote kwa pamoja kwa kalamu moja. Mzee atabaki kitandani. Na kitanda sio mahali pa usalama, kuna utafiti wa 2007 wazee wenye afya zao walilazwa tu siku kumi bila kuugua chochote, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kumi tu. Ila nesi hiyo nyama haioni inapotea, anachokiona ni barua, na mafunzo yanayompa nesi somo la umuhimu wa mazoezi bila kumgusa anayeandika barua ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mafunzo mazuri basi yanakuwaje? Niliyopitia mimi, yale ya pili, ya kwanza sitayasema, yalinikabidhi sharti moja siku ya kwanza: kila mtu aje na tatizo moja la wazee la kazini kwake, dogo, la kweli, na atalifanyia kazi mwaka mzima akiwa kazini, huku kila baada ya wiki kadhaa anakutana na wenzake na mlezi wake. Nikachagua mpira wa mkojo. Mtu wa nje anaweza kucheka, ila mpira wa mkojo kwa mzee ni kamba, tofauti yake na kamba ni kile kifuko tu. Unamfunga kitandani, unaleta maambukizi, unamchanganya, na mara nyingi hakuna anayekumbuka uliwekwa kwa ajili gani.

Nilichotaka mimi ni kutoa tangazo. "Kuanzia leo mipira yote itolewe." Mlezi wangu akaniuliza maswali matatu ambayo watu wa kuboresha huduma wanayatumia kote: unataka kufikia nini, utajuaje kuwa mabadiliko ni nafuu kweli, na ni badiliko gani unaweza kujaribu? Alafu akasema jaribu kwa mgonjwa mmoja, kesho, na nesi mmoja anayekupenda. Mmoja! Niliona ananidharau. Ila ndo mzunguko wenyewe, ule uliotokana na kazi za Shewhart na Deming, wataalamu wa kuboresha ubora wa kazi, panga, fanya, angalia, rekebisha, alafu rudia kwa ukubwa kidogo. Siku ya kwanza nikagundua kitu ambacho tangazo langu lisingekigundua kamwe: manesi wa usiku walikuwa wanaipenda mipira kwa sababu choo kiko mwisho wa korido, taa ya korido imekufa, na wako wawili kwa wodi nzima. Walikuwa na akili zao timamu kabisa. Kwahiyo kazi yangu ya kwanza kama "kiongozi" ikawa kumfukuzia fundi umeme, karibu wiki mbili. Ya pili ikawa kuomba viti vya choo viwe pembeni ya vitanda. Ya tatu ndo ikawa swali moja kwenye ripoti ya kubadilishana zamu: huyu mpira wake ni wa nini leo? Basi. Swali likiulizwa asubuhi na jioni, na jibu ni "sijui", daktari anapigiwa hapo hapo.

Daktari mmoja alikataa. Alisema mambo ya mipira ataamua yeye. Hapa ndo sehemu ya mafunzo ambayo haiko kwenye slaidi yoyote, tulikuwa tunaigiza mazungumzo magumu, mmoja anakuwa daktari mkali, mwingine anakuwa wewe, wengine wanakuangalia unavyotetemeka. Nilijifunza kumfuata mtu peke yake, sio mbele ya raundi, na kumpelekea kitu anachokijali yeye. Yeye alikuwa anajali maambukizi kwenye nyonga alizopasua. Nikampelekea orodha ya wagonjwa wake waliopata maambukizi ya mkojo, bila maneno mengi. Kesho yake akawa anauliza yeye mwenyewe, mpira wa nini huu.

Kuna jambo lingine ambalo bila hilo yote haya ni bure, nalo ni uoga. Miaka ya tisini mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi na makosa ya dawa, akitegemea kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta kinyume, timu zenye uongozi mzuri ndo zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Kumbe walikuwa hawakosei zaidi, walikuwa wanasema. Kwingine ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Kwa wazee uoga huu unaua kimya kimya, manake dalili zao ni ndogo ndogo: mzee mwenye diliriamu anayepiga kelele wote tunamuona, yule anayelala tu kimya, hali chakula vizuri, anaitikia "ndio", huyo anasifiwa ni mgonjwa mtulivu na huyo ndo anayekufa nayo. Anayemjua kuwa amebadilika ni binti yake, au msafishaji, au yule dada msaidizi niliyemtaja. Kama wodi yako watu wa chini hawafungui mdomo, umejiziba masikio mwenyewe. Ndo maana mimi nikiona mafunzo ya uongozi yamejaa wakuu wa idara watupu nashtuka.

Na wanaochaguliwa ndo stori nyingine. Mara nyingi anapelekwa mwenye cheo, au ambaye zamu yake ilikuwa rahisi kuzibwa, au anayekaribia kustaafu apate kupumzika. Kama unapeleka mtu, peleka wawili wa fani tofauti, nesi na daktari, au mfamasia na mtu wa mazoezi, mmoja peke yake akirudi anaonekana amekuja na dini mpya. Alafu bosi asaini kabla, na asaini kitu cha kueleweka: masaa mangapi kwa wiki, data gani atapewa, na tatizo lipi wamekubaliana. Bila hivyo ni nguvu ya soda, wiki mbili povu, wiki ya tatu umerudishwa kwenye ratiba kama kawaida na mradi umefia kwenye simu yako.

Nao wakubwa wana lugha yao, tusiwalaumu tu. Ukimwambia mkurugenzi "wazee wanateseka" atasikitika na kwenda kwenye kikao kijacho. Ukimwambia mzee akichanganyikiwa anakaa wodini siku nyingi zaidi, na hiki ndicho tulichokiona kwenye vitanda vyetu wenyewe, hapo anachukua kalamu. Kujifunza kusema jambo lile lile kwa lugha mbili, ya kitanda na ya bajeti, ni ujuzi, na unafundishika.

Kitu kimoja ambacho kimerahisisha hii kazi ni ule mpango wa Marekani ulioanza 2017 wa hospitali rafiki kwa wazee, umebanwa kwenye M nne, na kwa bahati hata Kiswahili kinazipata: Muhimu, yani nini muhimu kwa mzee mwenyewe, Madawa, Mawazo, yani akili yake ikoje, na Mwendo (wale wa "dawa haina wingi wa ma" watanisamehe). Uzuri wake kwa kiongozi ni kwamba msafishaji na profesa wanaweza kuzitaja zote nne. Ya kwanza ndo ngumu kuliko inavyoonekana. Nilishawahi kumuuliza babu mmoja nini muhimu kwake, nikitegemea aseme maumivu, akasema anataka kuweza kukaa wima saa nzima, kuna harusi ya mjukuu. Mpango wote wa mazoezi ukabadilika siku hiyo, na tulikuwa tumemuandikia lengo la kutembea mita ishirini ambalo yeye hakuwa na shida nalo.

Ubaguzi wa umri nao lazima uguswe, ingawa watu hawapendi. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 linasema mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mitazamo ya kibaguzi kuhusu umri, na sisi wa afya hatujatolewa kwenye hesabu. "Uzee tu huo" ni sentensi inayofunga uchunguzi. Mimi nimeisema. Zoezi moja tulipewa, kila ukisema "uzee tu" badilisha umri wa mgonjwa kichwani uweke arobaini alafu urudie kusema. Jaribu na yule bibi yangu, mtu wa miaka arobaini siku ya tatu baada ya upasuaji anaongea na watu wasiokuwepo. Wodi nzima ingekimbia.

Kujua kama mafunzo yamefanya kazi, kuna ngazi nne za Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kupima mafunzo, za tangu 1959: walifurahi, walijifunza, walibadili wanachofanya, matokeo yalibadilika. Waandaaji wengi wanaishia ya kwanza, ile fomu ya siku ya mwisho unayojaza huku umeshabeba begi. Wakijitahidi wanafika ya pili kwa kamtihani. Ya tatu na ya nne zinataka mtu arudi wodini baada ya miezi sita ahesabu: mipira mingapi haina sababu, wazee wangapi wametoka kitandani leo, wangapi wana kidonge cha usingizi. Na mtu aliyesomeshwa awe hayupo siku ya kuhesabu, awe likizo. Mwaka 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na 2050 watakuwa bilioni 2.1, hakuna idadi ya madaktari bingwa wa wazee itakayofikia hapo, kwahiyo wengi watahudumiwa na watu ambao hawakusomea wazee, kwenye zamu ambazo bingwa hayupo.

Mimi sehemu ile nilishahama. Mwaka mmoja baadae nikapita kumuona ndugu aliyelazwa, wodi ile ile, sura nyingi sizijui, hata taa ya korido imekufa tena. Nimesimama pale kijana wa usafi anapiga deki chini ya kitanda cha jirani, akainua kichwa akamwambia nesi, "Sista, huyu mzee miwani yake iko wapi? Jana alikuwa nayo." Nesi akafungua droo.